Mwalimu wa Taa na Nondo

Mwalimu wa Sayansi aliogopa ng'ombe. Naanza na hilo kwa makusudi, kwa sababu wengine wakimsimulia huanza na akili zake, na akili zake mimi nimezisikia mpaka masikio yameota sugu. Mwanamke mzima, ameishi Kagongwa miaka na miaka, mji ambao ng'ombe hupita barabarani kama wenye mji, na bado akisikia kengele ya kundi anaingia duka lolote lililo karibu, hata la majeneza, asubiri wapite. Watoto waliomwogopa darasani ndio waliomshika mkono kumvusha. Mwanangu Kabula alikuwa wa kwanza kujitolea. Mimi niko kibandani na magunia yangu ya mchele, nawaona wanavuka, mtoto wangu kashika mkono wa mwanamke mwingine, na roho inaniuma.

Basi nimeshasema. Nilimwonea wivu mwanamke yule, na sioni sababu ya kulifunika jambo hili kwa kanga. Anayetaka asimuliwe na mtu asiye na kinyongo aende kwa mwingine, Kagongwa nzima wapo.

Nyumba zetu zilitenganishwa na uzio wa minyaa tu, kwa hiyo sikuwa na haja ya kuambiwa habari zake. Alifagia uwanja asubuhi akiwa na kanga mbili na viatu vya ngozi, na mpaka leo sijui viatu vile vilikuwa vya nini. Alikuwa mchoyo wa sukari kuliko Mhindi wa dukani. Ukimtembelea anakukorogea mwenyewe, kisha anaondoka na kopo. Lakini mtoto akija na swali, hata mtoto asiyevaa viatu, anaacha ugali jikoni unaungua amjibu. Shikamoo zangu alizipokea kwa "marahaba" ndefu yenye upole, na upole ule ulinikera, maana mtu mpole huna pa kumshika.

Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, cha mtu wa pwani aliyelelewa ndani yake. Changu ni hiki, kimepita kwanza kwenye Kisukuma. Zamu yangu ya kucheka ilifika alipojaribu lugha yetu. Jioni, jua linazama, anawaambia wazee "Mwangaluka," salamu ya asubuhi, nao wanaitikia kwa adabu bila kumsahihisha. Nilimsahihisha mimi, kwa sauti, mbele ya watu: jioni ni "Mwadila," Mwalimu. Akanishukuru. Nilitaka akasirike, akanishukuru.

Sebuleni kwake ukutani kulining'inia samaki mkavu anayeitwa taa, samaki bapa wa baharini, mpana kama ungo, mkia mrefu wenye mwiba. Ukimtazama tumboni ana kama uso: matundu mawili juu na kamdomo kadogo chini, utadhani mtoto anayetaka kulia. Pembeni yake, ndani ya kiboksi cha kioo, kulikuwa na nondo mmoja mkubwa, rangi ya majivu, mabawa yametandazwa. Hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa utajiri wake. Televisheni hakuwa nayo.

Alivitumia kufundishia, na namna alivyofundisha ndiyo iliyonipora mtoto. Uwanjani kwake aliegemeza ngazi mbili za mti ukutani, moja yake aliazima kwa mafundi wa kanisani na hakuirudisha. Kila kipago alikipa jina kwa chaki: himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, spishi. Watoto wawili wanapanda kwa pamoja, mmoja ni mnyama huyu, mwingine ni yule, huku wameshikana mikono. Wakifika pale wanyama wao wanapoachana, wanaachana nao mikono. Mbwa na mbweha walipanda wameshikana mpaka familia, watoto wanachekelea. Taa na nondo, ambao kwa macho unaona wote bapa, wote wanapiga mabawa, walipanda kipago kimoja tu. Himaya, wanyama wote. Cha pili, faila, mikono inaachana: taa yumo na sisi wenye uti wa mgongo, ingawa hana mfupa, ni gegedu tupu kama sikio lako, nondo yumo na panzi na nge na kaa, wenye gamba nje. Mwalimu alikuwa na msemo wake: macho yanafananisha, ngazi inatenganisha. Usiniulize nani bora, aliwaambia, niulize wanaachana wapi.

Kabula aliupenda msemo huo kama wimbo. Alipima kila kitu kwa ngazi ile. Mimi na wewe mama tunaachana wapi? Hatuachani, namjibu, menya viazi.

Ugomvi ulikuja kwa sababu ya nondo. Mimi nauza mchele, na wanaoujua mchele wanajua kwamba nondo wadogo wa ghalani ni adui mwenye subira. Anataga kwenye gunia lako, funza wanakula kutoka ndani, unafungua unakuta utando na vumbi. Mimi nikiona nondo ghalani napiga kwa kandambili, sina mjadala. Siku moja Kabula alinishika mkono. Mtoto wangu mwenyewe, ndani ya ghala langu, ananizuia. Akasema Mwalimu anasema nondo wengi hawajatathminiwa, hatujui hata kama wanaisha. Nikamwambia Mwalimu wako na aje ale utando huu. Akalia, akapita kwenye tundu la minyaa kwenda kwake, na akarudi amelishwa chapati.

Hilo la kutathminiwa ndilo lililonichoma kuliko yote. Baada ya ngazi, Mwalimu alifundisha hali ya kila kiumbe, yupi salama na yupi hatarini kutoweka. Taa wengi wako hatarini, alisema, kwa kuwa wanazaa watoto wachache na nyavu ni nyingi. Kwa nondo wake wa kiboksini aliandika "hajatathminiwa." Akawafafanulia kwamba hiyo siyo salama. Maana yake ni kwamba hakuna aliyekwenda kumwangalia. Kabula akarudi nyumbani na kipande cha chaki, akaandika hali zetu sote kwenye mlango wa jikoni. Baba, ambaye alikuwa kwenye maduara ya dhahabu huko Geita akishuka shimoni kila siku: hatarini. Kuku: hatarini kila sikukuu. Ng'ombe wa babu kule Samuye: salama. Mwalimu: hatarini, kwa sababu anakaribia kustaafu. Na mimi, Mama: hajatathminiwa.

Niliusoma mlango ule nikiwa na mwiko mkononi. Mwalimu kaangaliwa mpaka kustaafu kwake, mimi sijaangaliwa hata mara moja, na ninayempikia ndiye aliyeandika. Sikumchapa. Nilipika ugali mgumu kama tofali, nikaufuta mlango kwa kitambaa cha maji, na herufi zilibaki zikionekana kidogo mpaka tulipopaka rangi.

Ila msinielewe vibaya, mwanamke yule alikuwa na vituko vyake, na mimi nilivikusanya kama mtu anavyokusanya kuni. Aliwahurumia nondo, lakini mende akipita sebuleni alimuua kwa kiatu kile cha ngozi kwa furaha ambayo si ya Mkristo wala Mwislamu. Aliwahimiza watoto kuwahi, na misibani alifika watu wanaosha vyombo. Na kubwa kuliko yote, niliwahi kumbana: huyu taa wako anayetoweka, kwenu mlikuwa hammli? Akasema, kwa aibu kabisa, kwamba taa wa kupaka nazi ni chakula asichokisahau, na kwamba akiuangalia ukuta wake wakati mwingine anaona njaa. Nilicheka mpaka nikashika uzio. Siku hiyo, kwa muda wa kama chai kuiva, nilimpenda.

Sasa niseme ya mkutano, maana bila hayo hamtamwelewa.

Wakati wa mvua alikuwa na kawaida ya kutundika shuka jeupe uwanjani mara baada ya magharibi na kuwasha balbu nyuma yake, nondo waje watoto wawahesabu. Hakuna mtu mzima aliyejali. Kisha akaja fundi kurekebisha dari lake, akamwona taa ukutani, akashuka ngazini bila kumaliza kazi. Kesho yake sokoni likazagaa neno: Mwalimu ana kitu kikavu ndani, kina uso wa mtoto na mkia, na magharibi anaita wadudu nao wanaitika. Kwetu maneno ya namna hiyo hayachezewi. Kuna bibi zetu waliokufa kwa maneno madogo kuliko hayo, macho mekundu tu ya moshi wa kuni yaliwatosha. Wazee wawili watatu wakaanza kusema afadhali ahame mwenyewe kabla vijana hawajamhamisha.

Mwenyekiti wa mtaa aliita mkutano mbele ya ofisi yake. Mwalimu alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani, viatu vimefutwa. Taa aliletwa akawekwa mezani, uso juu, na watu wa mbele wakarudi nyuma. Mwenyekiti akaniita mimi, kwa sababu mtoto wangu ndiye anayeingia nyumba ile kila siku. Na kila mtu alijua simpendi. Ndiyo maana walinitaka, atakaye kumwangusha mtu hutafuta shahidi mwenye wivu.

Nilisimama, na sitawadanganya, nililiona jambo lilivyo. Neno langu moja, mwanamke huyu anafunga mizigo. Hata neno si lazima, kunyamaza kungetosha. Kisha nikamwona Kabula kwenye ukingo wa umati, amemkazia macho Mwalimu, si mimi. Nikajisemea, akifukuzwa leo huyu atakaa moyoni mwa mwanangu maisha yote. Mtu aliyeondolewa kwa dhuluma hana tena kasoro. Hataunguza ugali, hatachelewa msibani, hataogopa ng'ombe. Nitashindana na marehemu aliye hai. Hapana, abaki hapahapa, mtoto amwone anavyozeeka.

Nikaenda mezani, nikamshika yule taa kwa mikono miwili. Ngozi yake ilikwaruza kama tupa. Nikamwinua watu wamwone.

"Huyu ni samaki," nikasema. "Mimi ni muuza chakula, chakula nakijua. Kwao wanampika na nazi. Na wale wanaokuja kwenye shuka ni nondo, ndugu za hawa wanaokula mchele wangu. Huyu na nondo ni watoto wa boma moja, boma la wanyama, na mama yao mmoja. Wameachana walipooa. Hakuna kingine ndani ya nyumba ile, nimechungulia miaka yote kwenye minyaa."

Watu wakaguna, wengine wakaanza kucheka, hasa kwenye kuchungulia. Yule fundi alisogea akagusa mkia kwa kidole, akanusa kidole, akakubali kwamba ni samaki. Hatari ikapita, ilionekana kabisa mabegani mwa watu. Na hapo Mwalimu wa Sayansi, ambaye nimetoka kumwokoa mbele ya mtaa mzima, akainuka kwenye benchi.

"Boma moja ni sawa," akasema kwa upole wake ule. "Lakini mama yao si mmoja. Ni watoto wa wake wenza. Umekosea ngazi moja, Mama Kabula."

Jamani. Mkutano mzima ulicheka, na Kabula alicheka kuliko wote. Nilirudi nyumbani nimevimba. Jioni alinipitishia kwenye tundu la minyaa kopo la sukari, lote, bila kijiko. Nililipokea, sikusema ahsante, na yeye hakuisubiri.

Mtoto alikua, wanakua tu. Alifaulu, akaenda sekondari, kisha chuo huko pwani, kusomea nini kama si samaki. Sasa kazi yake ni kukaa na wavuvi kuwashawishi wamrudishe taa majini akinaswa. Anapiga simu Jumapili baada ya kanisa, na maongezi yetu siku zote yalikuwa na mgeni ndani yake. Mwalimu anasema hivi, Mwalimu mgonjwa, Mwalimu kapona, umempigia Mwalimu? Mwalimu mwenyewe alishastaafu, akahamia Kalangalala, Geita, kwenye nyumba aliyoijenga polepole tangu zamani, na ngazi ya kanisa akaondoka nayo. Nilidhani umbali utanipunguzia. Wivu haujui nauli.

Mwaka huu, baada ya mavuno, nilikwenda Geita kumwona mume wangu, ambaye bado anasema duara lijalo ndilo lenye dhahabu. Kabula akanisihi nipite kwa Mwalimu. Nikabeba kiroba cha mchele wangu, maana sitaki kusemwa nimeenda mikono mitupu, nikafika kwake Jumapili mchana.

Alikuwa amepungua. Miwani minene, mguu mmoja anauburuta, viatu ni vilevile. Shikamoo, marahaba ndefu. Ukutani taa na nondo, na chini yao picha ya Kabula na joho la chuo. Picha ile ile mimi ninayo, lakini yangu ni ndogo. Niliona hilo kabla sijakaa.

Alifungua kiroba, akachota punje chache, akachagua moja, akaiweka kwenye meno ya mbele, akaing'ata taratibu huku kafumba macho. Nikashangaa. Hiyo ni kazi yetu sisi wa mchele. Tunapiga bambo, kile kichuma chenye mfereji, kwenye gunia, tunatoa punje, tunang'ata, na jino linakwambia ukavu wake, umri wake, na kama anayekuuzia ni mwongo.

"Umeanza lini hayo, Mwalimu?" nikamuuliza.

Akaniambia kwamba Kabula akimpigia simu hana habari nyingine. Mama yangu hivi, mama yangu vile, mama yangu anang'ata punje moja anakwambia gunia zima. Yeye anamuuliza habari za taa, mtoto anamjibu habari za mama. Basi amekuwa aking'ata mchele jikoni kama panya, apate na yeye kusifiwa kidogo. Alisema hivyo bila kunitazama. Mimi sikuamini. Watu wa Kiswahili kilichonyooka wana adabu nyingi, na adabu si ushahidi.

Simu ikalia. Yangu ilikuwa mapajani, yake mezani, na iliyolia ni ya mezani. Jina la mwanangu likawaka pale. Ameanza na yeye, nikajisemea, Jumapili zote huwa anaanza na yeye, mimi napata makombo. Mwalimu akaweka kidole mdomoni, akaiweka simu kwenye spika.

"Shikamoo Mwalimu," sauti ya Kabula ikasema. "Mama ameshafika? Yeye kwanza sijampigia, nilitaka nijue kwako. Mwangalie anavyoinuka kwenye kiti, halafu uniambie. Mgongo unamsumbua upande wa kushoto, hasemi, ila anashika gunia kwanza ndiyo anasimama. Na mchele ukiuona una mawe usimwambie, macho yameanza kumtupa na yeye anajivunia kuchambua. Na mpe chai yenye sukari nyingi, anasema hapendi, anapenda."

Mambo yale sikujua kama kuna mtu ameyaangalia. La kushika gunia hata mume wangu halijui.

Mwalimu akajibu kwamba mama amefika, anaonekana vizuri, na kuhusu kuinuka atamtazama. Kabula akafurahi, akaendelea. Juzi, alisema, wavuvi walimbishia mpaka akakosa la kusema, ndipo akawapa ule mfano wa mama. Boma moja, wake wenza, mmoja kamzaa taa na mwingine nondo. Wakacheka, wakaelewa, na jana wamemrudisha taa mmoja majini. "Mfano wa mama yangu unashinda vitabu vyote, Mwalimu."

Nilimtazama Mwalimu wa Sayansi. Uso ulikuwa umekaza, midomo imebanwa, shingo imesimama. Niliutambua uso ule mara moja, maana nimeuvaa mimi miaka yote upande wa pili wa minyaa.

Simu ilipokatika alikaa kidogo akichezea punje kiganjani.

"Wake wenza niliongeza mimi," akasema.

"Uliongeza wewe," nikamkubalia. Nikaliacha neno liendelee kumchoma. Nilijisikia vizuri sana, Mungu anisamehe, vizuri mpaka miguuni. Kisha nikainuka kwenye kiti bila kushika chochote, mgongo unawaka moto, yeye anatazama kama alivyotumwa. Nikaenda kukaa kwenye benchi alilokalia, karibu naye.

Akarudisha punje kwenye meno, akang'ata, akafikiri sana.

"Mpya," akasema kwa sauti ya darasani. "Wa msimu huu."

Ulikuwa wa msimu uliopita. Nilikuwa nimeulaza ghalani mwenyewe, na kuua nondo wake kwa kandambili.

"Umekosea ngazi moja, Mwalimu," nikamwambia. Nikachota punje nyingine kirobani, nikamwekea mkononi. "Ng'ata tena."